Amri ya Gavana Mingo

Jumatatu, 6 Mei 1776

Wewe uliyeziokota karatasi hizi, nakusihi: usimsomee mtu. Hata neno moja. Hata mkeo, hata kwa kucheka. Kama huwezi kunyamaza, zitie motoni sasa hivi kabla hujalijua jina langu. Ukiendelea kusoma umekubali kuwa mwenzangu, na shingo yako iko karibu na yangu.

Nazificha ndani ya mzinga wa nyuki uliokufa, nyuma ya ghala. Watu bado wanauogopa. Mimi pia nauogopa. Ila kutoandika kunaniogopesha zaidi.

Naitwa Tertio. Mchungaji mzee aliyenilea alinipa jina la mwandishi wa Mtume Paulo, akanifundisha Kilatini na mwandiko mzuri, akanibatiza. Kisha akafa. Alimwachia mkwewe, Wakili Thorne, saa ya ukutani, ng'ombe wa maziwa, mimi na dada yangu Kezia. Sasa mimi ni karani wa Wakili, na Wakili ni katibu wa Kamati ya mji, ile inayowaandama marafiki wa Mfalme wa Uingereza. Maneno yake makali yote hupitia mkononi mwangu. Yeye hunguruma akizunguka chumba, mimi naandika.

Leo amenguruma hivi: anayetawaliwa bila kuulizwa ni mtumwa, na mwanamume wa kweli atachagua kaburi. Akaniambia nipige mstari chini ya neno mtumwa. Nikapiga. Akasema haujakolea. Nikapiga tena.

Mchana kulikuwa na wageni, na siku za wageni karani hugeuka mtumishi wa meza. Nilikuwa nimeshika jagi. Bi Lucretia, binti wa Wakili, ataolewa Jumatano ya wiki ijayo na kijana wa Karolina ya Kusini, na mwisho wa mwezi wataondoka kwenda huko. Wakili akamwambia yule kijana, huku akikata nyama: Kezia ataenda nao. Zawadi yangu. Ana mkono mwepesi wa sindano.

Kijana akashukuru kama mtu aliyeongezewa viazi.

Huku Konektikati mtu mweusi anaweza hata kumshtaki bwana wake, akipata wa kumsikiliza. Karolina harudi mtu.

Nilimkuta Kezia uani anakamua mashuka. Nikamuuliza kama amesikia.

"Nilikuwa nyuma ya mlango."

"Sasa utafanyaje?"

"Kaka, mimi sijaulizwa. Na wewe si ndiwe umeandika asubuhi, asiyeulizwa anaitwaje?"

Akalikamua shuka mpaka nikadhani litachanika. Nina Kilatini, sina jibu.

Jumatano, 8 Mei

Kesho weupe wanatangaza gavana wao kule Hartford. Jumamosi sisi tunachagua wetu.

Gavana wa weusi si mchezo mtupu. Anaamua ugomvi wetu mwaka mzima, na akisema fulani ana kosa, ana kosa. Siku ya kuchaguliwa anapanda farasi wa bwana wake, upanga kiunoni, na bwana wake anagharamia karamu. Ndiyo maana mabwana huutaka ugavana kuliko sisi. Mwenye gavana katika banda lake la farasi hutembea kifua mbele hadi mwaka mwingine. Wakili anautaka mwaka huu, kwa kuwa anataka pia kiti katika Baraza la Koloni. Amemtaja Mingo, mwendesha gari lake.

Mingo alikuwa hataki. Nilimkuta anampiga brashi yule farasi wa kijivu.

"Nitapata nini mimi?" akasema. "Upanga wa kuazima na kichwa kuuma Jumapili."

Nikamwambia atapata amri yake. Maana mwisho wa maandamano bwana hutoka uwanjani, anavua kofia na kusema: Mheshimiwa, toa amri, nitatii. Gavana anaamuru pipa la pombe ya matufaha na keki ya uchaguzi. Kila mwaka pipa, kila mwaka keki. Watu wanacheka, weupe kwa weusi, kisha wanakunywa.

"Pipa," Mingo akasema. "Mtu anaambiwa amri, anaamuru pipa."

Sijui nini kilinifungua mdomo. Nikamhadithia habari ya Tuttle mwenye duka. Msimu wa baridi Tuttle alipanda juu ya kasha pale uwanjani, akavua kofia, akawaambia watu kwamba Kamati ikija, chai yake ya Kiingereza, iliyopigwa marufuku, ataitoa yote ichomwe. Kamati ikaja. Tuttle akasema alikuwa anatania. Wakili Thorne akatoa hukumu, na ni mimi niliyeiandika: neno alilolisema mtu kwa sauti, mbele ya mji, kofia mkononi, ni kiapo, na mzaha si udhuru. Chai ikachomwa chini ya mlingoti wa uhuru, ule waliousimamisha uwanjani kumkaidi Mfalme.

Mingo akaacha kupiga brashi.

"Kofia alikuwa ameivaa au ameishika?"

"Ameishika. Wakili alilishikilia sana hilo."

"Na wakachoma."

"Yote."

Akarudi kwa farasi wake. Alipomaliza ubavu mmoja akasema atagombea. Nikataka kuuliza.

"Usiniulize kitu, Karani. Ukijua, uso wako utawaambia. Uso wako hauna pazia."

Alhamisi, 9 Mei

Kezia anatarizi herufi za Bi Lucretia kwenye mito. Anaimba! Namwogopa akiimba.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika upesi, watu bado wako uwanjani.

Mingo alipita kwa kelele kubwa. Hesabu yetu ni rahisi: wafuasi wa kila mgombea hupanga mstari nyuma yake, na mstari wa Mingo ulifika hadi kwenye kisima. Walimvika koti jekundu la zamani la Wakili na wigi, na ule upanga. Akapanda yule wa kijivu. Ngoma mbele, fidla nyuma, wanawake wamevaa riboni, na weupe wa mji mzima wamejaa kando ya uwanja na watoto mabegani. Nilikuwa karibu na kiwiko cha Wakili, kama kawaida yangu.

Wakili alikuwa amekunywa kidogo. Si sana. Kiasi cha mtu anayependezwa na nafsi yake. Akasogea hadi kwenye shingo ya farasi, akavua kofia, akaiweka kifuani. Na kwa kuwa Shemasi Pruitt, mwenyekiti wa Kamati na mpinzani wake, alikuwa anatazama, ile kawaida haikumtosha. Akaongeza.

"Mheshimiwa Gavana! Toa amri, nami nitatii, mbele ya Mungu na mbele ya watu hawa huru."

Watu wakashangilia. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Mapipa mawili, Mingo!"

Mingo hakucheka. Alingoja mpaka ngoma ikanyamaza. Ngoma ilinyamaza kwa sababu yeye alimtazama mpiga ngoma.

"Amri yangu ni hii," akasema. "Kezia, dada wa Tertio, ni mtu huru kuanzia sasa. Haendi Karolina wala popote asipotaka."

Walicheka. Naapa, walicheka, weupe wengi, wakidhani pipa linafuata. Wakili naye akacheka na kusema: "Vizuri sana, na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo hakuna. Ndiyo amri."

Kicheko kikafa kipande kwa kipande, kuanzia mbele kwenda nyuma. Nilimtafuta Kezia. Alikuwa kando ya meza ya keki na kisu mkononi, mdomo wazi. Hakuwa anajua! Mingo hakumwambia hata yeye.

Wakili akavaa kofia. Akasema kwa sauti ya chini, tuliokuwa karibu tukasikia: "Shuka kwenye farasi wangu."

"Nitashuka jioni, Mheshimiwa," Mingo akamjibu. "Leo ni siku yangu."

Akaenda zake polepole na fidla nyuma yake. Keki ililiwa. Pombe ilinywewa. Watu wetu hawakupiga kelele nyingi. Walisimama wima tu, kwa namna ambayo sijawahi kuwaona wamesimama.

Na mimi ndiye niliyempa hadithi ya Tuttle. Mungu wangu.

Jumapili, 12 Mei

Kanisani. Sisi tuko juu kwenye roshani, wao chini. Mchungaji mpya amehubiri juu ya Farao na moyo mgumu, akimaanisha Mfalme wa Uingereza. Kule juu hakuna aliyemfikiria Mfalme wa Uingereza.

Tulipotoka, kinyozi mmoja mweusi akavua kofia mbele ya Wakili, kwa adabu kabisa: "Habari za Sabato, bwana. Ile amri imeshatekelezwa?" Wakili akapita. Nyuma ya kinyozi kulikuwa na mama mmoja muuza samaki. Akainamisha kichwa: "Ile amri, bwana, imeshatekelezwa?"

Kezia, kando yangu, alikuwa anatetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Jumanne, 14 Mei

Wanauliza wote. Mlangoni, dukani, barabarani. Kofia mkononi, heshima tele, hakuna tusi ambalo mtu anaweza kuchapwa kwa ajili yake. Utamchapa mtu kwa salamu? Leo wahunzi weupe nao wameanza, kwa kuwa hawampendi. Wakili amerudi nyumbani kwa njia ya shambani, viatu vimejaa matope.

Mingo ameondolewa kwenye gari, amepewa jembe na choo cha kuchimbua. Nilimpelekea mkate wa mahindi.

"Unaonaje ugavana?" nikamuuliza.

"Una harufu," akasema. "Lakini ule upanga bado ninao. Hajaniomba, anaona aibu kuomba."

Nikamwambia nina hofu kwamba watagundua ni mimi. Akanitazama kwa huruma fulani iliyoniudhi.

"Karani, wewe una hofu hata ukimiminiwa maji. Kuwa nayo. Mimi nina hofu tangu Jumamosi, sijaacha kula kwa ajili yake."

Harusi ni kesho.

Alhamisi, 16 Mei

Harusi imepita. Nilibeba sahani. Si habari.

Habari ni leo asubuhi. Wakili ameniita, akafunga mlango, akaniambia nikae. Hajawahi kuniambia nikae. Nilikaa ukingoni mwa kiti.

Tuttle amepeleka malalamiko kwa Kamati. Tuttle, ambaye hajawahi kumpa mtu mweusi hata tabasamu! Anasema kama neno la Wakili lilikuwa mzaha, basi na lake lilikuwa mzaha, na Kamati imrudishie chai yake. Shemasi Pruitt amefurahi kupita kiasi na ameitisha kikao Jumamosi, ndani ya kanisa, wazi kwa wote.

Kofia hawezi kuikana, waliiona wote. Lakini kulikuwa na shangwe na maneno waliyasikia wachache. Weusi watasema walivyosikia, na Kamati itasema weusi wanateteana. Ila mimi nimebatizwa na kulelewa na mchungaji aliyewabatiza wajumbe wote. Wataniamini mimi.

"Nilisema: toa amri ya kinywaji," Wakili akaniambia. "Amri ya kinywaji, nitatii. Unakumbuka hivyo."

Niliitazama saa ya ukutani ya mchungaji.

"Neno moja tu, Tertio. Sikuombi hadithi. Sema hilo, na ukifika miaka ishirini na mitano nitakuachia huru, nitaweka saini mbele ya yeyote umtakaye. Mtu mwenye mwandiko wako anaweza kufungua ofisi."

"Na Kezia?"

"Kezia atakwenda na binti yangu. Ni nyumba njema."

"Na nisiposema?"

Akatazama dirishani. Akasema Karolina kuna nafasi kwa watu wawili, na kule karani mweusi hana kazi, kuna mpunga tu. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekusikitikia kwa hali ya hewa.

Kisha akanipa karatasi niendelee na kazi ya jana. Sentensi iliishia kwenye "haki ambayo hakuna binadamu anayeweza". Nikaimalizia. Mwandiko safi kabisa. Nimejichukia.

Kezia sijamwambia kuhusu miaka ishirini na mitano. Naona haya hata kuandika kwamba nilijiwazia ile ofisi. Niliiona kabisa, na meza yake, na dirisha.

Ijumaa, 17 Mei

Leo ni siku ya kufunga na kuomba, imetangazwa na Kongresi kwa makoloni yote ili Mungu atuokoe na udhalimu. Mabwana wamefunga hadi alasiri, kisha wakadai nyama.

Hatimaye nimemwambia Kezia. Yote, hata ile ofisi. Alikuwa anafunga sanduku la Bi Lucretia.

"Ishirini na mitano," akasema. "Umebakisha mingapi?"

"Sita."

"Ofisi ingekuwa nzuri." Akakunja gauni, akalikunjua, akalikunja tena. "Mimi sikuombi kitu, Terti. Nikikuomba, utafanya kwa ajili yangu halafu utanidai maisha yote. Fanya unachoweza kukaa nacho chumba kimoja."

Nikamwambia naogopa mpunga. Akasema hata yeye.

Wakili ameamua maharusi waondoke kesho asubuhi badala ya mwisho wa mwezi. Kabla ya kikao! Kezia akishavuka mto, Kamati itakuwa inajadili hewa. Amemrudisha Mingo kwenye gari kwa siku hii moja, kwa kuwa wale farasi hawamsikilizi mwingine.

Jumamosi, 18 Mei

Niko kanisani, chini, benchi la mbele. Nina kalamu kwa sababu ya kichekesho: katibu wa Kamati ni Wakili, Wakili ndiye mshtakiwa, na hakuna mwingine mwenye mwandiko. Pruitt akasema Tertio aandike kumbukumbu na pia atoe ushahidi. Kumbukumbu nimeshamaliza. Hizi ni zangu.

Nieleze kwa mpangilio.

Asubuhi masanduku yalipakiwa. Maharusi wakaingia ndani ya gari, Kezia akawekwa nyuma na mabegi. Hakulia, wala mimi. Wakili akambusu binti yake, akapanda farasi wake akaja huku kwenye kikao, mimi nikimfuata kwa miguu na wino. Tulipofika, gari lilikuwa limetutangulia. Mingo hakushika barabara ya kusini. Alikuja moja kwa moja akasimamisha farasi mbele ya ngazi za kanisa, mji mzima ukitazama, akafunga hatamu kwenye nguzo na kukaa, mikono imekunjwa. Bwana harusi alitoa kichwa dirishani akatukana. Mingo akamwambia: "Farasi wamechoka, bwana mdogo. Waache wasikilize kesi kidogo."

Hakuna mzungu aliyeweza kuliendesha. Mmoja alipanda, yule wa kijivu akarudi nyuma nusura aliingize gari kisimani, akashuka.

Ndani, Tuttle alizungumza kwanza, na kwa uchungu, kama mtu aliyefiwa na chai. Wakili akafuata. Alikuwa na ufasaha. Alisema sikukuu ya watumishi ni sikukuu, na mji utakaogeuza kicheko kuwa sheria hautabaki na kicheko wala sheria. Vichwa viliitikia. Hata mimi nilikaribia kuitikia, kwa mazoea. Kule juu roshani ilikuwa imejaa watu wetu.

Pruitt akaniita. Nilisimama, kalamu bado mkononi.

"Tertio, ulikuwa wapi?"

"Karibu na kiwiko chake, Shemasi."

"Ulisikia alilosema?"

Wakili alikuwa ananitazama. Hakunitisha. Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayemtia moyo mwanafunzi wake. Hilo ndilo lililonisaidia. Kama angekunja uso, sijui.

"Alisema: toa amri, nami nitatii, mbele ya Mungu na mbele ya watu hawa huru."

"Hakutaja kinywaji?"

"Hakutaja."

"Una hakika?"

Na hapo sauti ilinitoka ambayo sikuwa nimeiandaa. Nikasema: "Shemasi, kwa miaka mitatu nimeyaandika maneno ya bwana huyu yote. Juzi aliniambia niongeze neno moja na nitapata uhuru wangu. Sikuliongeza. Kama mnataka liongezwe, basi kalamu hii hapa, aongeze mwenyewe."

Nikaiweka mezani. Ilibingirika. Hakuna aliyeigusa.

Halafu Wakili akasema, kwa upole sana, kwamba sasa mji umeona kwa macho yake jinsi mtumwa anavyolipa wema. Mzee mmoja mweupe wa nyuma, sijui ni nani, akauliza: wema upi? Pruitt akagonga meza. Kamati ikaingia kwenye chumba cha mchungaji kujadili na ikafunga mlango.

Wamekaa muda mrefu. Nasikia sauti zinapanda. Mmoja anasema tukimwachilia huyu, kesho wote watadai uhuru. Mwingine anasema basi turudishe chai. Sijui yupi atashinda. Nikiwa mkweli, najua watu hawa. Wanapenda maneno kuliko kuyatimiza.

Pruitt ameniambia nipande roshani kungoja. Nimemwambia nitangoja hapa. Akaenda zake. Benchi la chini ni gumu kama la juu, nilidhani lina mto.

Dirishani namwona Kezia. Ameshuka kwenye gari bila ruhusa, amekaa juu ya sanduku la Bi Lucretia, katikati ya ngazi. Mtu akitaka kumpeleka Karolina itabidi ambebe mbele ya watu wote.

Karatasi hizi nampa Mingo, azitie mzingani pamoja na zile za awali. Wewe utakayezipata, nisikilize, maana sijui leo nitalala wapi. Nyumbani kwa Wakili usiende, huko wamekwishanifungia mlango. Kama wamenipeleka kusini, fuata barabara ya vivuko. Kila kivuko nitaandika kwa chaki nyuma ya mlango wa choo majina yetu mimi na dada yangu, na upande tulioelekezwa. Mwandiko utaujua, ni huu. Kama sijapelekwa, muulize mtu yeyote mweusi wa mji huu. Usimuulize mweupe. Barua ukiandika, usinitaje chini ya jina la bwana yeyote, itapotea. Juu ya bahasha andika hivi tu: Tertio, karani wa Gavana Mingo, Konektikati. Mwenye posta atacheka. Mwache acheke, kisha ngoja aulize iko wapi ofisi hiyo, umwambie— mlango wa chumba cha mchungaji unafunguliwa.